Mkebe wa Uji Ambao Athumani Hakuufungua

Maji yana harufu. Nilifika miaka thelathini na minane bila kujua hilo, na siku niliyojua nilikuwa nimeinamia sinki katika nyumba ya kampuni kule Al Rayyan, glasi mkononi, nikilia kwa sababu nilikuwa na kiu na koo limekataa kumeza. Kama na wewe umefika hapo, basi hii nimekuandikia wewe. Wengine karibuni, ila nawaonya kwamba nitalalamika sana.

Naitwa Wakesho, mtu wa Voi. Miaka ile barabara za Doha zilikuwa zimechimbwa kila mahali kwa ajili ya Kombe la Dunia, na mimi nilikuwa msimamizi wa dobi katika hoteli moja ndefu ya West Bay. Uvimbe ulianza shingoni, mdogo kama mbaazi. Nikaupaka dawa ya kuchua. Ulipofikia ukubwa wa limau nikaanza kuvaa skafu, eti naogopa baridi ya kiyoyozi. Daktari aliposema ni saratani ya tezi za limfu, sikufikiria kufa. Nilifikiria tiketi. Huko kila mfanyakazi anajua, au anadhani anajua, kwamba asiyeweza kazi hukatiwa tiketi akarudi kwao, na kwetu Voi nilikuwa na binti wa miaka tisa, Zawadi, aliyekuwa akiishi na mdogo wangu Mghoi na kusoma kwa mshahara wangu.

Kwa hiyo nikafanya kosa, na naliandika mapema ili wewe usilirudie. Kila daktari aliponiuliza hali, nilijibu, "Niko sawa." Si unatujua? Sisi mtu akivunjika mguu bado anasema ni mzima, anakuuliza habari za watoto.

Kemo zilikuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza niliipata mwezi wa Mei, joto likianza kukaza. Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vya bluu na baridi ya kutisha. Kulikuwa na akina mama wa mabaibui, mzee mmoja mwenye tasbihi, na kijana Mnepali aliyekuja na ovaroli ya kampuni, kofia ngumu ameipakata magotini kwa sababu hakujua aiweke wapi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Sote tulitazama namba ukutani. Kisha unaitwa, unatafutwa mshipa, na ile dawa nyekundu kama sharubati inaingia polepole huku ukijiambia kwamba hata si mbaya.

Wacha! Siku ya tatu ndipo nilipojua. Harufu ya vitunguu kutoka jikoni ilinifuata hadi ndani ya shuka. Dobini, ule unyunyu wa dawa ya kulainishia taulo, niliokuwa nikiupenda, ulinitupa sakafuni mbele ya wasichana ninaowasimamia. Mwenzangu wa chumbani, Nakato, Mganda mwenye moyo mzuri na sauti kubwa, aliacha kupika matoke ndani akawa anakula kwa jirani. Chakula kilikuwa na ladha ya sarafu, mate pia, na mswaki pia.

Kufikia kemo ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Hizo sikuzililia. Kilichonitisha ni saa yangu ya mkononi, ambayo ilianza kuteleza hadi karibu na kiwiko. Nilikuwa mwanamke mnene, na nilijivunia unene wangu, msinicheke. Nikaanza kubana sketi ya sare kwa pini, pini moja, kisha mbili, kisha tatu. Nilikaa mbele ya ndizi moja iliyomenywa dakika arubaini nikiibembeleza kama mtoto. Haikuingia.

Kila jioni Mghoi alipiga simu. Ni mwalimu, na huuliza kama mwalimu.

"Umekula, dada?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali."

"Na nini?"

Hapo nikamuuliza habari za Zawadi, naye akaanza kulia, nami nikakasirika kwa sababu sikuwa na nguvu za kumbembeleza mtu mzima. Tulikuwa hatujagombana tangu utotoni. Sasa tuligombana kila siku, juu ya wali ambao haukuwepo.

Ndipo akanitumia ule mwongozo. Kanisani kwao kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa akiishi ng'ambo na mumewe. Mume alifariki kwa saratani, na hospitali ya huko ilikuwa imewapa kijitabu cha wagonjwa. Mghoi alipiga picha kila ukurasa na kunitumia, pembeni akitafsiri maneno magumu kwa kalamu nyekundu. Kijitabu kilieleza juu ya dawa inayotokana na bangi. Si ya kuvuta, ni ya kiwandani, ya kuandikiwa na daktari dawa nyingine zikishindwa kuzuia kichefuchefu. Kilisema wengine huwasaidia wakapata hamu ya kula, wengine huwaletea kizunguzungu na kuchanganyikiwa, na wengine haiwafanyii kitu. Ukurasa wa mwisho ulisema usivuke nayo mpaka wa nchi yoyote kabla ya kujua sheria ya huko.

Niliusoma kwenye simu katika vile viti vya bluu nikingoja kemo ya tatu, na haki ya Mungu nilitamani. Nimekulia kwenye nyumba ambayo bangi haikutajwa, marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa. Lakini nilisoma maneno "hamu ya kula" kama mtu mwingine anavyosoma barua ya mapenzi.

Pale wodini kulikuwa na muuguzi wa kwetu, Sista Jelimo, mtu wa Eldoret. Nikamwonyesha. Alisoma mistari miwili, akaangalia mlango, akanirudishia simu.

"Futa."

"Lakini sista, ni ya hospitali, angalia..."

"Huko kwao ni dawa. Hapa ni jela, na hawaulizi kama unaumwa. Futa nikiona, na usilitaje tena neno hilo humu ndani." Nilifuta. Kisha akanikazia macho. "Kwani daktari amekupa nini cha kichefuchefu?"

"Vidonge vya kawaida."

"Na vikishindwa umemwambia?"

Nikaitia simu mfukoni.

"Wakesho. Umekuwa ukimwambia nini?"

"Kwamba niko sawa."

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akashika kichwa. Aliniambia kuna dawa nyingine tatu nne ambazo daktari angeweza kuzijaribu, halali kabisa, zipo palepale kwenye duka la dawa la hospitali, ila hakuna anayempa dawa mtu aliye sawa. Niliahidi kumwambia daktari. Sikumwambia. Niliogopa ataandika kwamba sifai kazini.

Mghoi nilimwambia siku hiyohiyo. "Hapa haiwezekani. Ni jela." Akasema, "Sawa, dada." Alisema upesi mno. Mtu ambaye hujawahi kumshinda katika ubishi akisema sawa upesi hivyo, ujue kuna jambo. Mimi nilikuwa natapika.

Sasa lazima nikueleze habari za mizigo. Sisi Wakenya wa pale hotelini, mtu akienda likizo anarudi na mizigo ya wenzake: omena, majani chai, unga, dera la fulani. Na tulikuwa na sheria yetu, ya kujiwekea wenyewe, kwamba mbebaji hufungua kila kitu kabla hajakibeba. Unga unamwagwa kwenye gazeti, viatu vinakunjwa soli, dawa ya meno inaminywa. Hata kama mzigo ni wa mama yako mzazi. Kila mmoja alikuwa amesikia habari za mtu aliyeozea jela kwa mzigo asioujua.

Ila mzigo wa mgonjwa tuliuonea haya. Hakuna aliyeisema kama sheria, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kumwaga unga wa mgonjwa kwenye gazeti kulionekana kama kumwambia humwamini, na yuko kitandani. Tuliupokea kwa mikono miwili, tukasema pole.

Athumani alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi, mtu wa Mariakani, mcheshi na mkali wa sheria ile kuliko sote. Alikuwa likizo, mkewe amejifungua pacha. Siku aliyokuwa akirudi kazini, Ramadhani ilikuwa imeanza, na mimi nilikuwa siku ya nne baada ya kemo ya nne. Tulitaniana wenyewe kwa wenyewe kwamba mwaka ule Mkristo Wakesho amefunga kuwashinda Waislamu.

Saa nane mchana Mghoi alinipigia.

"Dada, Athumani ameshapaa. Jana basi alilosafiria liliposimama Voi nilimpa mkebe, ule mkubwa wa maziwa ya unga. Ni unga wa uji wa wimbi." Kisha sauti ikashuka. "Ukifika usikoroge mpaka chini. Kuna mfuko mdogo. Yule mjane alikuwa amebakisha vidonge vya marehemu, vile vya kwenye kijitabu."

Sikuelewa. Nilielewa, ila mwili ulikataa, kama unavyokataa chakula.

"Amefungua?"

"Hapana. Nilimwambia ni wa kwako. Alisema wa mgonjwa hafungui. Basi lenyewe lilikuwa linaondoka."

"Mghoi, umemuua mtu."

"Nilitaka ule!" Akaanza kupiga kelele. "Nilitaka ule tu, dada! Utakufa huko, na mimi nitamwambia nini Zawadi?"

Nikakata simu, nikampigia Athumani. Imezimwa. Bila shaka imezimwa, yuko hewani. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka kidole kikauma, kama vile simu ingechoka ikakubali. Nikampigia Sista Jelimo, nikaanza kumweleza, akanikatiza. "Sijasikia ulichosema. Umenielewa, Wakesho? Sijasikia kitu." Akakata. Simlaumu. Naye ana watoto.

Ndege ilikuwa inafika saa kumi na mbili jioni. Saa nne nzima nilizokuwa nazo sikuwa na la kufanya. Ningemwambia nani? Niwapigie watu wa uwanja wa ndege niseme kuna mtu anakuja na vidonge, ila si vyake? Nani angenisikiliza hadi kwenye "si vyake"? Niliwaza wale pacha, ambao nilikuwa nimeona picha yao, wamefungwa kitenge kimoja. Niliomba. Nilitapika. Niliomba nikitapika, na kama hilo ni dhambi basi nimeshaongeza kwenye orodha.

Nakato alinivalisha, akaniitia teksi bila kuuliza. Uwanjani nilikaa kwenye kiti kinachotazama mlango wa wanaowasili, mfuko wa plastiki mapajani, skafu kichwani. Mlango ulifunguka na kufungika. Familia, wafanyabiashara, kundi la vijana wa kazi waliovaa fulana za rangi moja. Nilijiapiza kwamba akishikwa nitakwenda niseme ni vyangu. Ningependa kuandika kwamba ningesema. Ukweli ni kwamba miguu haikuweza kunifikisha chooni, na sijui hadi leo kama moyo ungeweza zaidi ya miguu.

Kisha akatoka. Troli ina sanduku moja, na mkebe hakuuweka kwenye troli. Alikuwa ameukumbatia kifuani.

"Mama Zawadi! Umekuja mwenyewe? Ya Rabi, umekonda namna hii?" Akaja mbio mbio, akauweka mapajani mwangu taratibu. "Huu hapa. Karibu uniletee balaa, wallahi. Askari wa forodha aliniambia fungua. Nikamwambia huu ni uji wa dada yangu, ana saratani, hali kitu mwezi wa pili sasa. Akaniangalia, akauliza kuna nini kingine ndani. Nikamwambia, nimefunga, na naapa kwa Mungu ni unga mtupu. Akaupiga kifuniko hivi, pa pa, akasema yalla, nenda."

Alicheka. Meno yake meupe, midomo imekauka kwa funga na safari. Msafiri ameruhusiwa kula, lakini yeye hakula.

Nilitapika kwenye ule mfuko wa plastiki, maji ya njano tu, na adhana ya magharibi ikaanza kusikika kwenye vipaza sauti. Watu walianza kutoa tende mifukoni. Athumani alikuwa na chupa ya maji mkononi, tayari kufungulia. Akaifungua, akapiga goti mbele yangu, akanipa mimi kwanza. "Sukutua, dada. Pole pole." Yeye alikunywa yaliyobaki.

Nilijikokota hadi chooni na mkebe, nikajifungia. Nilichimba unga kwa mkono hadi chini nikakipata kimfuko. Vidonge kumi na viwili, vya mviringo, laini. Nitakwambia kweli, kwa sababu nimechoka kudanganya: sikuvitupa mara moja. Nilikaa juu ya kifuniko cha choo nimevishika. Mwezi mzima nilikuwa nimeviota. Nilijua askari wapo mita chache nje, na Athumani ananisubiri, na bado nilikuwa nawaza kimoja tu, nani atajua? Nilivimwaga chooni hatimaye, wala si kwa ushujaa. Nilisikia hatua za mfagiaji nikaogopa. Na havikuzama. Vilielea. Nilivuta maji mara tatu nikiwa nalia, nusu kwa hofu na nusu kwa kuvitamani.

Kesho yake Nakato alipika uji wa ule unga, akaupoza kwenye friji mpaka ukawa baridi kabisa, akanipa kwa kijiko cha chai. Vijiko vitatu vilikaa. Jioni, vitano. Kama unataka jambo la kujaribu, jaribu vya baridi, maana cha baridi hakina harufu: uji, tikiti maji, barafu ya kumung'unya. Usile mezani na watu wanaokuangalia. Na usijilazimishe kile unachokipenda, utakichukia maisha yako yote. Mimi pilau imeniaga.

Kemo ya tano, daktari aliponiuliza hali, nilifungua mdomo, na badala ya "niko sawa" nilisema yote: kilo zilizopotea, pini tatu, harufu ya maji. Nililia mbele yake kama mtoto. Hakuandika tiketi. Aliandika dawa mbili mpya, akanigombeza kidogo. Hazikunimalizia kichefuchefu, nisikudanganye, lakini zilinipunguzia kiasi cha kulala. Kazini walinihamishia kwenye meza ya kupokea simu. Miezi yote ile niliyonyamaza, nilikuwa nimemwogopa mtu aliyekuwa anangoja nimwambie. Sista Jelimo alinipitia na dripu siku hiyo, akanifinya bega.

Mghoi na mimi hatukuzungumza hadi kemo ya sita ikapita, mwisho wa Agosti. Zawadi ndiye aliyekuwa anashika simu kati yetu. Tulipopatana, tulipatana kwa kutolitaja. Nilipona, nikafanya kazi miaka mingine mitatu, nikarudi Voi. Saa imerudi mahali pake mkononi.

Athumani sikumwambia. Wakati ule nilijiambia ni kwa usalama wake, asiyejua haulizwi. Baadaye ikawa tu ni vigumu. Na yeye aliipenda hadithi ya mkebe. Kila mkusanyiko wetu aliisimulia, alivyoapa mbele ya askari na uji ukaniponya. "Mwangalieni huyu," alisema, "huyu ameponywa na uji wangu." Watu wakapiga makofi, nami nikatabasamu.

Wiki tatu zilizopita alinipigia kutoka Doha. Bado yuko kule. Aliniambia kuna msichana mpya dobini, wa Kisii, anaanza kemo, na mama yake anataka kumtumia mzigo kupitia kwake Athumani akitoka likizo.

"Ufungue," nikamwambia.

"Aa, wa mgonjwa? Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

"Ufungue, kaka Athumani. Mwaga unga wote kwenye gazeti."

"Kwa nini?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe, mpaka vidonge vilivyoelea. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nikasikia anavuta pumzi.

"Niliapa nikiwa nimefunga," akasema.

"Najua."

"Mama Zawadi, mimi nilikupa maji kabla sijafungulia."

"Najua, kaka."

Simu ikakatika. Nilijipa moyo kwamba ni mtandao. Nimempigia tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, kama nilivyompigia siku ile akiwa hewani. Siku ile ilikuwa imezimwa. Sasa inaita.